Kidole Gumba Nyuma ya Fremu

Watu wakisimama mbele ya picha husifu rangi. Husifu mkono wa mchoraji, husifu macho ya aliyechorwa kwamba yanawafuata kila waendako, wakimaliza huenda zao. Sijamsikia hata mmoja akiuliza ni nani aliyekiandaa kile kitambaa chini ya rangi. Na bila kitambaa kilichoandaliwa, rangi zote hizo ni uchafu tu. Basi leo tumseme huyo asiyeulizwa, na tumseme kwa kosa lake, maana kwa mema yake hakuna aliyewahi kumtaja.

Nyumbani walimwita Chaki. Jina alipewa na mama yake akiwa na miaka kumi na miwili, siku aliyotoka chumba cha kazi cha baba yake akiwa mweupe kuanzia nyusi hadi viwiko, na likamganda. Sasa alikuwa amepita arobaini. Aliwahi kuolewa, akarudi, na sababu tuwaachie wenyewe. Baba alikuwa mchoraji wa sura za watu, na kila picha aliyoichora kwa miaka thelathini ilichorwa juu ya kitambaa kilichopita mikononi mwa binti huyu.

Kazi yenyewe ukiitazama utadhani ni ya mtu aliyekosa la kufanya. Kitambaa cha kitani kinavutwa kwa koleo juu ya fremu ya mbao, kinapigiliwa misumari midogo kuanzia katikati ya kila upande, si pembeni, la sivyo kinanuna na kujaa mikunjo. Kisha inakuja gundi ya ngozi. Vipande vyake vikavu vinalowekwa siku nzima, halafu vinapashwa moto katika sufuria iliyokaa ndani ya sufuria nyingine yenye maji, taratibu, bila kuchemka. Ikichemka imekufa. Gundi hiyo hupakwa ili nyuzi za kitambaa zishibe, zisije zikanywa mafuta ya rangi. Juu yake inapakwa chaki iliyokorogwa kwa gundi hiyo hiyo, tabaka nne, na kila tabaka likikauka linapigwa msasa. Ukimaliza unagonga kwa kidole, na kitambaa kinajibu.

Baba alikuwa na sheria zake, na kubwa kuliko zote ilikuwa hii: gundi haijulikani kwa macho, inajulikana kwa pua. Gundi nzima ina harufu ya kiatu kilicholowa mvua. Ikishachacha huhitaji kuambiwa, utakimbia mwenyewe. Siku mbili za joto zinaitosha, tatu ni kubahatisha. Na gundi iliyochacha haishiki tena. Ukiipaka ni sawa na kupaka maji.

Sheria ya pili ilikuwa ya kidole. Kitambaa kikiwa tayari, aliyekiandaa alidondosha tone zito la chaki nyuma ya fremu, pembe ya chini kulia, akalikandamiza kwa kidole gumba. Likikauka, alama inabaki, unaweza kuipapasa. Maana yake ni kwamba nimenusa, nimegonga, nimepapasa, na ninasimama nacho.

"Mimi nasaini mbele, wewe unasaini nyuma," baba alimwambia tangu akiwa mdogo. "Wa mbele akidanganya, watu watamwona. Wa nyuma akidanganya, hata mimi sitajua."

Mwaka huo macho ya baba yalianza kumchezea. Daktari wa macho alimwambia bila kuzunguka kwamba ni presha ya jicho. Matone yataichelewesha, hayataiondoa. Huenda akapata mwaka mzuri, huenda miwili, na huenda rangi zikaanza kumtoka kabla ya hapo. Baba alirudi nyumbani, akavua viatu, akakaa mbele ya mkewe.

"Nimechora watu wa watu miaka arobaini na tano," alisema. "Wewe sijakuchora."

"Ulikuwa unangoja nizeeke?" mama akauliza.

"Nilikuwa naogopa kukukosea."

"Na sasa huogopi?"

"Sasa naogopa zaidi. Jumatatu tunaanza."

Hiyo ilikuwa Jumatano, na Chaki alikuwa na mafua. Si mafua ya kupenga na kuendelea, hapana. Pua ilikuwa imeziba kiasi kwamba chai na maji ya kusuuzia vyombo vilikuwa kitu kimoja kwake. Kitambaa alikuwa amekwisha kukivuta juu ya fremu. Gundi ilikuwepo, nusu ya chupa, imebaki tangu Jumamosi. Kuloweka nyingine kungekula siku nzima, na tabaka nne zenye msasa zisingewahi Jumatatu. Haraka haraka haina baraka, kila mtu anaijua methali hiyo na kila mtu huisahau siku anayoihitaji.

Alifungua chupa, akaiinua hadi puani, akavuta. Hakusikia kitu. "Haina harufu mbaya," akajiambia, na hapo alijidanganya kwa kusema kweli, maana haikuwa na harufu yoyote, hata ya chupa. Mama alikuwa jikoni, hatua kumi. Angemwita tu, "Mama, hebu ninusie," na hadithi hii isingekuwepo. Hakumwita. Kwa miaka thelathini hakuna mtu aliyewahi kumnusia gundi, na asingeanza leo, mwaka ambao baba alikuwa anamtegemea kuliko mwaka mwingine wowote. Kiburi kikivaa nguo za kazi mtu hakitambui.

Akaipaka. Akakoroga chaki, akapaka tabaka la kwanza, la pili, la tatu, la nne. Jumapili jioni aligonga kwa kidole. Kitambaa kilijibu kwa uvivu, akasema ni unyevu. Kisha akadondosha tone la chaki nyuma ya fremu na kukandamiza kidole gumba.

Jumatatu mama alikaa kwenye kiti karibu na dirisha akiwa na blauzi yake ya manjano. Baba mwenyewe ndiye aliyeichagua, alisema anataka picha ya mwisho iwe na kitu kinachowaka. Wiki ya kwanza ilikuwa ya mkaa na mistari, na mambo yalikwenda vizuri. Mama alikaa, akasinzia, akaamka, akalalamika.

"Kunichumbia ulitumia dakika kumi," alisema. "Kunichora unataka kumaliza mwezi."

"Wakati ule sikukuangalia vizuri," baba akajibu.

Wiki ya pili zikaja rangi za mafuta. Baba aliweka manjano ya blauzi, ikang'aa kama inavyopaswa, wote watatu wakafurahi. Kesho yake asubuhi manjano ilikuwa imezimika. Ilionekana ya vumbi, imekauka bila uhai. Baba aliitazama kwa muda mrefu. Akaongeza rangi juu yake, na mafuta kidogo. Siku ya tatu ilikuwa imezimika tena, na mashavu ya mama, aliyoyafanyia kazi kutwa nzima, yalikuwa ya rangi ya udongo.

"Chaki, hebu njoo," baba aliita. "Hii ni manjano?"

"Ni manjano, baba."

"Mbona naiona ya matope?"

Chaki alitazama. Hata yeye aliiona ya matope. Wakati huo bado alidhani labda ni rangi yenyewe, huenda mrija ule ni wa zamani. Akasema, "Tujaribu mrija mpya," na baba akatikisa kichwa, akaenda kuosha macho.

Siku iliyofuata mafua yalimwachia, pua ikafunguka kwa mara ya kwanza baada ya zaidi ya wiki mbili. Kitu cha kwanza alichosikia alipoingia chumba cha kazi ni uvundo hafifu, chini ya harufu ya mafuta ya rangi. Aliufuata hadi kwenye rafu, hadi kwenye ile chupa ya gundi, na alipofungua kifuniko machozi yalimtoka. Hakuhitaji mtu wa kumweleza. Alienda kwenye picha, akapitisha kidole pembeni ya kitambaa pale ambapo rangi haikufika, na kidole kikarudi na unga mweupe. Chaki yote ile haikushikwa na kitu. Kitambaa kilikuwa kinakunywa mafuta ya rangi, kinabakiza vumbi, na baada ya miaka michache uso wa mama yake ungeanza kudondoka vipande vipande.

Hapo ndipo alipopaswa kusema. Msinicheke, mimi nasimulia tu, lakini hata mimi nilipoisikia habari hii nilitamani kumshika mabega. Alikwenda hadi mlango wa sebule. Baba alikuwa amelala chali kwenye kochi, mama akimdondoshea dawa jichoni.

"Macho yanazidi kuharibika," baba alikuwa akisema. "Daktari alisema mwaka. Hata mwezi haujaisha."

"Nyamaza, matone yataingia mdomoni," mama akasema, akadondosha jingine.

Chaki akarudi nyuma. Alijiambia atasema kesho, wakati baba hana dawa machoni. Kesho ikaja na visingizio vyake, na keshokutwa na vyake. Kila asubuhi alimkuta baba ameshasimama mbele ya picha, ameisogelea hadi pua inakaribia kuigusa, anaongeza rangi juu ya rangi. Alimwona akiipeleka picha dirishani na kuirudisha. Alimwona akiziba jicho moja, kisha la pili, akilinganisha. Siku moja baba aligonga kitambaa kwa kidole, akasikiliza, akagonga tena, kisha akacheka kicheko kikavu.

"Na masikio nayo," alimwambia mkewe. "Naona yameamua kufuata macho."

Chaki alikuwa amesimama na msasa mkononi. Aliogopa, tuseme ukweli. Aliogopa kwamba baba angepapasa kile kidole nyuma ya fremu, na kwamba vidole vyote vya miaka thelathini vingekuwa uongo siku hiyo moja. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini kwa Chaki hakikuwa kifo kilichomuumbua, ilikuwa sabuni.

Wiki tatu baada ya ile chupa, asubuhi, alimkuta baba kwenye sinki akiosha brashi zake zote kwa sabuni. Si zile za kazi ya jana tu, zote, hadi zile ndogo za nyusi. Alikuwa anazifuta moja moja na kuzifunga kwenye gazeti. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti chake karibu na dirisha na blauzi ya manjano, kama kawaida, mikono mapajani.

"Usiniandalie kitambaa kingine," baba alisema bila kugeuka. "Tumefika."

"Picha haijaisha, baba."

"Picha ndiyo imenimaliza. Uso wa mama yako ninaukumbuka, lakini siuoni tena. Nikiweka rangi naiona inakufa. Mtu asiyeona rangi hana kazi na brashi."

Mama alitazama nje ya dirisha. Alikuwa analia kimya kimya, hata hakujifuta.

"Baba," Chaki alisema, "si macho."

Akasema yote akiwa amesimama, mfululizo, kwa sababu alijua akikaa hatamaliza. Mafua, chupa ya Jumamosi, uvivu wa kitambaa siku alipokigonga, unga kwenye kidole, wiki tatu. Baba aliweka brashi chini. Alikwenda kwenye rafu, akafungua ile chupa, akanusa, akaifunga haraka. Akaigeuza picha, akaikwaruza kwa ukucha ukingoni, akaona unga ukimwagika kwenye suruali yake.

Kisha akaanza kucheka. Alicheka hadi akashika meza.

"Mama Chaki," alisema, "macho yangu mazima. Mke wangu, mimi naona. Ni huyu binti yako kaniharibia kitambaa."

"Akiharibu ni wangu," mama akasema, akicheka na kulia pamoja. "Akitengeneza ni wako."

Chaki naye alicheka, akidhani yameisha. Hayakuisha. Mchana, mezani, baba aliacha kula katikati.

"Wiki tatu," alisema. Hakupaza sauti. "Kitambaa kinaharibika, nakubali. Mimi mwenyewe nimeharibu vingi. Lakini ulinitazama naosha macho. Ulinitazama najipima jicho moja moja. Uliniacha niwe kipofu wiki tatu, mwanangu, ili wewe usionekane umekosea."

Siku mbili baba hakumsemesha zaidi ya ndiyo na hapana. Siku ya tatu Chaki alimkuta mlangoni mwa chumba cha kazi, ameshika mfuko wa vipande vipya vya gundi.

"Loweka," baba akamwambia. "Na safari hii hatutakimbizana na Jumatatu."

Waliandaa pamoja. Chaki alivuta kitani kwenye fremu mpya, msumari wa katikati juu, wa katikati chini, kushoto, kulia, ndipo akaelekea pembeni. Alipasha gundi katika sufuria mbili, akainusa, kisha akampa baba, naye akainusa, kisha mama akaitwa.

"Inanuka viatu," mama alisema.

"Ndiyo nzuri," baba akasema.

Tabaka la gundi likakauka siku nzima. Chaki akapaka chaki ya kwanza kwenda juu na chini, ya pili kwenda kushoto na kulia, ya tatu, ya nne, na kati ya moja na nyingine akapitisha msasa hadi kiganja kisisikie uzi. Wakaacha kitambaa wiki mbili kikomae. Baba alikuwa na furaha ya mtu aliyerudishiwa kitu alichokwisha kukizika. Alizifungua brashi zake kwenye gazeti. Alimwambia mkewe afue blauzi, alimtania, alimwimbia jikoni wimbo wa ujana wao akikosea maneno. Hata matone ya macho alianza kuyasahau, na mama alipomkumbusha alisema daktari yule ni mtoto mdogo.

Siku ya mwisho Chaki aligonga kitambaa na kikajibu hadi mama akasikia akiwa sebuleni. Alidondosha tone la chaki nyuma ya fremu, akakandamiza kidole gumba.

Safari hii baba hakuanza na mkaa. Alisema ameuzoea uso huo, anataka kuona rangi kwanza. Alikamua manjano kutoka mrija mpya, akachukua brashi pana, akaiweka mara tatu pale litakapokuwa bega la blauzi, akaacha. "Kesho itatuambia," alisema.

Kesho yake Chaki aliwahi kuamka kuliko wote. Aliingia chumba cha kazi, na manjano ilikuwa inawaka. Haikuzama, haikufifia, ilikuwa imekaa juu ya ile chaki nyeupe, mbichi na kali kama ilivyotoka kwenye mrija. Akasogea pembeni kumpisha baba aliyekuwa anaingia, na mama nyuma yake akifunga kifungo cha mwisho cha blauzi.

Baba alisimama mbele ya kitambaa. Akatazama. Akaibeba fremu hadi dirishani, akatazama tena. Akaziba jicho moja, kisha la pili.

"Chaki," alisema.

"Naam, baba."

"Imezimika."

Mama aliyekuwa anakaa alisita katikati, hajafika kwenye kiti.

"Ni ya matope," baba alisema. Alikuwa ameisogelea hadi pua inakaribia kuigusa. Kisha akageuka, na ikamtoka sauti ambayo Chaki hakuwahi kuisikia, hata miaka ile alipokuwa mtoto na baba hana kazi. Ilikuwa ya mtu anayeomba. "Umeniharibia tena, sivyo? Gundi imechacha tena. Sema tu. Safari hii sitakasirika."

Ilikuwa rahisi sana. Neno moja tu, ndiyo. Angegombezwa kidogo, wangeloweka gundi nyingine, wangengoja wiki nyingine mbili, na baada ya hapo kitambaa kingine, na kingine, na baba angeimba jikoni miezi yote hiyo. Angelibeba kosa hilo kwa moyo mweupe, angelibeba hadi kufa. Alimtazama mama yake amsaidie, na mama akainamisha uso.

Chaki aliushika mkono wa baba. Akaupeleka nyuma ya fremu, chini, kulia, hadi vidole vyake vikagusa lile tone lililokauka.

"Papasa, baba," alisema. "Nilinusa, na wewe ulinusa. Nimegonga. Kitambaa hiki hakina kosa. Manjano inawaka, naiona kutoka hapa."

Baba hakuutoa mkono. Alikipapasa kidole kile cha chaki kwa kidole chake, akakizunguka, akakirudia.

"Inawaka kiasi gani?" baba akauliza.

"Kiasi cha kuumiza macho," Chaki alisema, na machozi yalikuwa yanamtoka, akayaacha yatoke.

Baba aliirudisha fremu mahali pake, akaipangusa mikono kwenye suruali.

"Mama Chaki, kaa," alisema. "Hujachorwa bado." Kisha akachukua brashi. "Na wewe vuta stuli, ukae hapa kulia kwangu. Utaniambia kila rangi ilivyo, na usinionee huruma."

Chaki akavuta stuli, akakaa. Akajifuta uso kwa mkono, akatazama picha, akamtazama mama yake, akatazama picha tena.

"Begani," alisema, "manjano umeizidisha kidogo."